Soksi za Chumvi

Kitabu kinasema: tazama miguu.
Yenye umanjano, huyu. Yenye weusi, yule.
Mengine yote, mgongo wa udongo, kifua cheupe, mdomo wa sindano,
wamegawana sawasawa
kama mapacha na kitambaa cha Idi.

Basi mimi na Semhando tumelala kifudifudi
ukingoni mwa jaruba la nne, Mwambani,
darubini moja, kwa zamu,
na ndege asiyejaza kiganja
anakimbia, anasimama, anadunga tope,
anakimbia tena kana kwamba kasahau kitu jikoni.

"Manjano," anasema Semhando.
Nampokonya darubini. Myeusi.
"Ni tope hilo. Tope halina kabila,
humvika kila mtu buti lilelile."
Naitazama miguu yangu, na kweli,
hadi magotini
mimi nami ni wa aina isiyojulikana.

Kwetu Chongoleani tulimwita kitwitwi,
na mwenzake kitwitwi, na binamu yake kitwitwi,
yeyote mdogo, mwenye haraka, wa pembeni mwa maji.
Jina lilitutosha. Hatukumla, hatukumuuza,
wala hakuna aliyetutuma kumhesabu.
Leo fomu ina safu kumi na mbili
na kitwitwi hana yake.

Tunangoja maji yamwoshe.
Ndiye huyo, anaelekea jaruba la sita
ambako maji ni maangavu, mazito,
yamebakisha siku mbili yawe mawe.
Anaingia. Tunashika pumzi.
Anatokea upande wa pili, anasimama juani,
anasimama, anasimama,
na miguu yake, Mola wangu,
ni myeupe.
Myeupe pe! Chumvi imemkaukia hadi gotini,
kavaa soksi kama mtoto wa chekechea siku ya kwanza.
Semhando anafungua kitabu, anarudi nyuma, anakwenda mbele.
Miguu myeupe haimo.
Tunacheka mpaka darubini inajaa ukungu.

"Nyie!"
Ni Mkunde, reki begani,
analipwa kwa kiroba, si kwa saa.
"Mnanibomolea ukingo. Na hao ndege zenu!
Nikisawazisha jaruba jioni, asubuhi nalikuta
limechorwachorwa kama ukuta wa nyumba yenye watoto."
"Kumbe unawajua?"
"Siwajui. Nawafuta."

Kisha, alipoona hatuondoki,
akaelekeza kwa mpini:
"Wale kule, vidole vitatu mbele,
na nyuma nukta, hapo, ya kidole cha nne.
Huyu wenu nukta hana.
Nimemfuta tangu vuli, kila siku, hana."

Tunainama.
Asubuhi nzima hatukuwa tumetazama chini
ila kuona tunapokanyaga.
Na kumbe ameandika, mstari baada ya mstari,
mishale mitatu mitatu,
na nyuma ya kila mshale tope tupu, laini,
kama pengo la jino ambalo ulimi hauachi kulirudia.

Semhando anapekua. Kidole chake kinatua
kwenye picha tuliyoiruka saa mbili zilizopita
kwa kuwa aliandikwa ni wa mchanga na mawimbi,
hapendi tope, hatembei peke yake.
"Yumkini," anasema.
Yumkini nayo haina safu.

Naandika pembeni, kwa penseli, herufi zikipanda kilima:
Kitwitwi, mmoja.
Miguu: imebadilika mara tatu tukiitazama.
Kidole cha nyuma: hana.
Shahidi: Mkunde, wa jaruba la sita.
Namuuliza jina la baba yake, nilikamilishe.
"La nini? Na mimi mtanihesabu?"

Ninapoinua kichwa ndege ameshakwenda,
sikuona hata alivyoruka.
Mkunde amegeuza mgongo, reki imeshika tope,
anaanza upande ule
ambako mishale ni mibichi bado,
anavuta.